Geti Kuu, Siku ya Kipaza

Mjane wa Kipaza alifua mashuka ya hospitali kuu kwa miaka kumi na tisa, na kila mtu alimwita Dobi, hata binti yake akiwa amemkasirikia. Chumba cha kufulia kilikuwa nyuma kabisa, kupita jiko na chumba cha maiti. Kila asubuhi alianza kwa kutenganisha mashuka ya damu na yale ya jasho tu, na aliijua hali ya hospitali kwa marundo hayo kuliko madaktari walivyoijua kwa mafaili.

Mumewe alikuwa msukuma machela hapo hapo. Jina la Kipaza alilipata kwa sauti yake: akiwasalimu wagonjwa wa wodi moja, wa jengo la pili waliitikia. Enzi hizo watu wa bondeni, mtaa ulio chini ya hospitali, hawakuwa na vitambulisho, kwa kuwa hakuna ofisi iliyokubali kuwapa, na asiye na kitambulisho hakupita geti kuu. Alipita mlango wa nyuma, akapangwa kwenye banda la bati, na daktari alimfikia akipata nafasi. Kipaza alisukuma wengi kutoka banda lile hadi chumba cha maiti. Ilikuwa safari ya hatua thelathini.

Asubuhi moja aliisimamisha machela katikati ya geti kuu, akalala juu yake, akasema haondoki mpaka mtu wa bondeni apite hapo kwa miguu yake. Kufikia jioni walikuwa watu mia na ushei, wamelala chini. Siku ya kumi na moja walipigwa, wakabebwa mzobemzobe, wakafungwa. Kesi ilikwenda miaka mitatu, wakashinda, geti likafunguliwa kwa kila mtu. Lakini Kipaza alitoka gerezani na figo zilizoharibika. Alipita geti lile mara nne tu, zote akiwa mgonjwa, na mara ya tano alitolewa maiti.

Ndipo wakubwa wakagundua kwamba yule mkorofi alikuwa shujaa. Siku aliyofariki ikafanywa siku ya kujitolea. Kila mwaka watu wa maofisini walikuja hospitali na fulana zenye sura yake, wakafagia, wakapaka rangi, wakapigana picha. Wifi yake Dobi, dada wa marehemu, aliyekuwa fundi cherehani, hakukanyaga hata mara moja. Alisema kaka yake walimpaka matope akiwa hai, sasa wanapaka kuta rangi kwa jina lake, na maiti haulizwi sanda. Dobi alicheka, kisha akaenda. Binti yake alikuwa kibarua wa masjala hapo hospitali, mwaka wa sita sasa, anasaini mkataba mpya kila miezi mitatu kama mtu anayeomba radhi. Mama wa mtoto kama huyo hasusi sherehe.

Mwaka huo alikuja Mganga Mkuu mpya. Alifika mwenyewe chumba cha kufulia, akakalia beseni lililofudikizwa, akamvika Dobi kilemba cha ukoka: yeye ndiye mama wa hospitali, ndiye kumbukumbu iliyo hai, safari hii lazima awe mgeni rasmi. Alipoinuka kuondoka alisema, kama jambo la kupita tu, kwamba faili la binti liko mezani kwake na ataliangalia sherehe ikiisha. Alilisema kwa upole. Dobi alimshukuru.

Siku yenyewe wafagizi waliitwa alfajiri kusafisha hospitali nzima, ili wageni wakija kusafisha wasikute uchafu wa kuwatia kinyaa. Saa tatu wakaja wenye fulana, mabasi mawili. Walikuwa watu wazuri, wengi wao, wanaocheka kwa sauti na kuuliza ndoo ziko wapi. Walipaka rangi nguzo za geti kuu na ukuta wake, kisha geti likafungwa ili mtu asijipake, na pia wapiga picha wapate nafasi. Hema lilikuwa limesimamishwa ndani, likitazama geti. Dobi alikalishwa mstari wa mbele, kifuani ana utepe mwekundu.

Mzungumzaji wa kwanza alikuwa hajamaliza salamu Dobi alipomwona mwanamke nje ya geti. Alikuwa ameshika vyuma kwa mikono miwili, tumbo kubwa, kichwa kimeinama. Nyuma yake mwanamke mzee alimshikilia kiunoni na kusema na mlinzi. Nguo ya yule mjamzito ilikuwa imeloa kuanzia mapajani, na Dobi hakuhitaji kuambiwa kile si maji. Alikuwa ameifua rangi ile maisha yake yote.

Alimwinamia Mganga Mkuu, akamnong'oneza kuwa pale getini kuna mzazi, na hali yake si nzuri.

Mganga Mkuu hakugeuka. Alikuwa anatabasamu kwa ajili ya picha. "Rangi haijakauka, mama. Wataelekezwa. Wewe jiandae, unafuata."

Angeweza kusimama. Baadaye alijiambia hivyo mara nyingi kiasi kwamba maneno yaliisha ladha. Miguu ilikuwa mizima, na hakuna aliyemshika. Lakini alilifikiria lile faili mezani, akafikiria pia kwamba mlinzi ana akili zake, na nesi yeyote angeona. Akabaki amekaa. Hotuba ya kwanza ikaisha, kwaya ikaimba nyimbo mbili, ndipo akaitwa. Alisoma karatasi aliyoandikiwa ofisini. Ilisema kwamba Kipaza aliwafungulia watu mlango, nasi tuufuate mfano wake. Watu wakasimama wakapiga makofi. Alipoinua macho kutoka kwenye karatasi, getini hapakuwa na mtu.

Alishuka jukwaani, akapita katikati ya viti mpaka kwa mlinzi.

"Nimewaambia wazunguke nyuma, mama," mlinzi alisema, hamtazami usoni. "Ndivyo nilivyoambiwa."

Mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa tangu mwaka waliposhinda kesi. Ufunguo wake ulikuwa kwenye fungu la Dobi, maana maji machafu ya kufulia yalipitia huko. Alikimbia, na umri wake haukuwa wa kukimbia. Alipofungua aliwakuta wote wawili chini, mzee ameegemea ukuta na mjamzito amemlalia mapajani, hasemi. Wakampakia kwenye toroli la mashuka. Wodi ya wazazi ilikuwa na nesi mmoja tu wa makamo. Wenzake walikuwa hemani wamevaa fulana.

Mama alipona. Mtoto, wa kike, alitoka kimya, na kimya kikabaki hivyo hivyo. Nesi alinawa mikono muda mrefu. Alisema hakuna wa kulaumiwa, ila wangewahi kwa saa moja tu, wangekuwa wanazungumza mengine.

Yule mwanamke mzee, mama mkwe wa mzazi, alimfuata Dobi kwenye ukumbi wa wodi, akamshika mikono yote miwili. Alikuwa ameambiwa Dobi ni nani. Alimshukuru kwa kumwokoa mkwewe, akamwombea Mungu. "Tulisema sisi, pale nje," alisema. "Tulisema angekuwepo Kipaza leo, yasingetufika. Kumbe kamwacha mkewe."

Dobi alifungua mdomo amwambie. Akaufunga.

Kesho yake alikwenda ofisini kwa Mganga Mkuu, akaomba jina la mumewe liondolewe kwenye siku ile. Alijibiwa kwa heshima kwamba jina lile si lake peke yake tena, ni la wote, na kwamba tukio la jana lingeshughulikiwa. Lilishughulikiwa kwa namna ya funika kombe mwanaharamu apite. Mlinzi alihamishwa. Mwezi haujaisha, binti akaletewa barua ya ajira ya kudumu. Alicheza jikoni nayo, akamkumbatia mama yake kwa nyuma, akamuuliza mbona hafurahi.

Dobi alimweleza wifi yake peke yake. Wifi aliacha kukanyaga cherehani.

"Uliwaona?"

"Niliwaona."

"Ukasoma karatasi."

"Nikasoma."

Wifi hakumlaumu, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alimwambia tu kwamba wanaostahili kuyasikia hayo si yeye.

Jumapili Dobi akateremka bondeni, akaulizia mpaka akaipata nyumba. Alipokewa kama mkombozi. Aliwekewa kiti kizuri, majirani wakaja kumwangalia. Akaomba abaki na wenyewe tu, kisha akawaeleza yote kwa mpangilio: kiti chake kilikuwa wapi, aliona nini, alikaa kwa muda gani, na kwa sababu gani. Yule mama kijana alimsikiliza hadi mwisho, akageuza uso.

Mama mkwe alimsindikiza mpaka barabarani, maana mgeni husindikizwa. Walipofika, akamwambia asirudi tena, wala asitume mtu.