Roketi Iliyopaa kwa Makofi

Jana, usingizi uliponichukua tu, nikaota tumekaa mbele ya ofisi ya kata, kijiji kizima, tunafuatilia kwenye televisheni roketi inayopeleka mizigo kituo cha anga za juu. Mtangazaji anataja mizigo: chakula, nguo za ndani, hewa ya akiba, na pampu ya kisima cha kijiji chetu.

Nikasimama. "Hiyo pampu ni yetu!"

"Kaa chini, Ntandu, unatuziba," akasema jirani yangu Nyamuri.

Nilipokaa, televisheni haipo. Roketi yenyewe imesimama uwanjani, ndefu kupita mnara wa simu, na pampu yetu inapanda ngazi kwa miguu yake, imefungwa utepe.

"Wewe!" nikaiita. "Tangu kampeni za mwaka ule wa mvua kubwa tunakusubiri. Tunakunywa maji ya lambo pamoja na punda. Unakwenda wapi?"

"Kituoni. Wale kule wanakunywa jasho lao wenyewe, limechujwa. Wameomba pampu."

"Sisi hatukuomba?"

"Ninyi mliahidiwa, mkapiga makofi," ikasema bila hasira. "Kwa taratibu za mizigo, aliyepiga makofi amekwisha pokea."

Ni kweli, tulipiga. Nakumbuka makofi ya ahadi ya kwanza, Mheshimiwa mbunge wetu bado mwembamba, shati la kuazima. Nakumbuka aliporudi na kitambi akaahidi pampu ileile, nasi tukashangilia kana kwamba ni nyingine.

Chini ya roketi, namba za kuhesabia zimepanga foleni, zimevaa suti. Muda umefika na hakuna inayotoka.

"Kumi, toka," anasema fundi wa roketi.

"Siwezi kumtangulia mgeni rasmi," anajibu Kumi. "Itifaki."

Mgeni rasmi alifika jua limeshazama, likachomoza, likazama tena. Ni Mheshimiwa yuleyule. Akasalimia meza kuu, akaisalimia roketi, akaisalimia pampu kwa niaba ya wananchi. Fundi akamnong'oneza kwamba tangi halina mafuta.

"Mafuta ya nini?" Mheshimiwa akacheka. "Wananchi wangu si wapo? Jamani, makofi!"

Makofi yakalia. Roketi ikainuka shubiri moja. Kumi akatoka mbio, Tisa nyuma yake.

"Msipige!" nikapaza sauti. "Kila kofi linaipandisha pampu!"

"Punguza jazba, ndugu yangu," akasema Nyamuri huku anapiga. "Mtu katoka mbali, tumkalie kimya kama tuko msibani?"

Ndivyo tulivyo. Koo zikauke mpaka zipasuke, lakini mgeni asiaibike mbele yetu. Roketi imefika usawa wa paa la shule. Nakimbia safu kwa safu nawashika watu mikono. Nikiukamata huu, ule unapiga paja.

Ndipo mke wangu Yustina akainuka. Hakuhangaika na sisi wanaume. Akawageukia wanawake wenzake.

"Jamani, ndoo zetu ziko wapi?"

Wakazibeba, kila mkono ndoo yake. Zilizobaki wakatugawia sisi.

"Shika, shemeji," Yustina akamwambia Nyamuri. "Na hii nyingine. Haya, piga sasa!"

Nyamuri akatazama mikono yake kama ya mtu mwingine.

Makofi yakakoma. Roketi ikasita, ikaanza kushuka. Mheshimiwa akapiga makofi peke yake mpaka suti ikalowa, roketi ikatikisika tu.

"Makofi, wananchi!"

"Mikono imejaa, Mheshimiwa," akajibu Yustina.

Pampu ikachungulia dirishani. "Mbona leo hamnipokei?"

"Shuka kwanza. Safari hii tunapokea kwa ndoo," akasema Yustina.

Ikafikiri kidogo. Ikatoa mguu mmoja nje. Hapo nikazinduka.

Kumekucha, jogoo wa Nyamuri analalamika nje. Yustina amelala chali kando yangu, shuka mpaka kifuani, na kila mkono umekamata ndoo. Nikajaribu kuichomoa ile ya upande wangu, taratibu, nisimshtue.

"Acha," akasema bila kufumbua macho. "Mheshimiwa bado hajaondoka."