Hewa Niliyoiandika

Kazi yangu ilikuwa kuandika hewa. Ukitaka kucheka, cheka, maana hata mimi nilicheka siku ya kwanza. Nimezaliwa Jidda, mtaa wa Nuzha, kwa watu ambao wazee wao walitoka Unguja mwaka wa sitini na nne. Nimesoma kemia miaka minne. Kisha nikaishia ndani ya kontena lenye kiyoyozi, kando ya shimo la maji machafu kusini mwa mji, nikiandika kila asubuhi hewa ya shimo hilo ikoje.

Sheria ilitaka hivyo. Kila kituo cha maji machafu kipeleke Riyadh, kwa mamlaka, vipimo vya aina mbili: vya maji yanayotoka na vya hewa wanayovuta watu wa kazi. Maji yalikuwa na mtu wake. Hewa ilikuwa yangu. Gesi ya mashimo yale hunuka yai viza, na mtu mjinga hudhani harufu ndiyo hatari. La. Ikizidi sana, pua inakufa ganzi, hunusi kitu, unadhani imeondoka, kumbe ndiyo kwanza imekuja. Mpaka wa sheria ulikuwa kumi, yaani sehemu kumi za gesi katika milioni ya hewa. Kipimo kikisoma kumi kwenda chini, mtu anashuka na kofia na glavu zake tu. Kikipita kumi, hashuki bila mtungi wa hewa mgongoni, na mwenzake asimame juu ameshika kamba.

Aliyenipa kazi ni ami Mselem, binamu wa marehemu baba yangu, meneja wa kampuni iliyokuwa na mkataba wa kuendesha kituo. Sisi watu wa Unguja wa hapa tuna desturi yetu. Ikama zetu, vibali vya kuishi hapa, zinategemea watu, na watu hao tunawaita ami. Ami akisema kaa, unakaa. Nimelelewa hivyo na sioni haya kusema kwamba ilinifaa miaka mingi.

Aliyekuwa akishuka shimoni ni Hezron, Mkenya wa Vihiga, mtu wa miaka arobaini na miwili, mwembamba, msafi kuliko sote licha ya kazi yake. Watu wa Jidda wanatupa chooni vile vitambaa vyenye unyevu vya kufutia watoto, haviozi, vinajisokota kwenye pampu mpaka inakwama. Hezron anashuka kuvitoa kwa mikono. Kila asubuhi alikuwa akipita dirishani kwangu na kuniuliza, "Dada Nunu, hewa iko aje leo?" kama mtu anayemjulia hali mgonjwa wa jirani. Nami humjibu, "Haijambo, kaka, inakusalimu." Tulikuwa na utani wetu. Nilimpenda kama ndugu.

Sasa nikwambie aibu yetu. Kipimo kile kilikuwa kikilia. Gesi ikipanda kinapiga kelele, kazi inasimama, simu zinaanza. Kwa hiyo kabla yangu walikuwa na mazoea ya kukitundika mlangoni mwa shimo, penye feni, kinavuta upepo wa bahari na kusoma vizuri. Nilipoingia nikaikuta desturi, nikaifuata. Hata sikujiuliza sana. Mtu hukuta nyumba ina ufa akaweka picha juu yake.

Asubuhi moja ya Januari, sijui shetani au malaika aliyenigusa, nikakifunga kipimo kwenye kamba nikakishusha mpaka chini kabisa. Kikalia. Nilipokivuta kilisoma thelathini na nane. Hezron alikuwa amesimama karibu, akaiona namba ile pamoja nami, akaondoka na simu mkononi. Nikarudi kontena kuandika ripoti. Baada ya nusu saa akaja, akavua kofia, akasimama mlangoni.

"Dada Nunu, please. Hiyo namba usiitume."

"Nisiitume vipi? Ndiyo hewa unayovuta wewe!"

"Najua. Lakini ukituma, wanafunga hapa, na sisi wa shimo halas, tunarudishwa. Si uliona wale wa kituo cha pili? Wiki moja tu, wote airport. Nimebakisha miezi saba ya contract. Mitchelle wangu yuko Form Three. Wacha nimalize."

"Na mapafu yako je?"

"Nimeshuka miaka mitatu, na sijafa." Alisema hivyo akitazama kofia yake, hakunitazama mimi. "Nisaidie, dada yangu."

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Nilikuwa naijua methali hiyo tangu utotoni, na bado nikaandika sita. Nilijiambia namwonea huruma. Huruma ilikuwepo, sikatai, lakini na uvivu ulikuwepo, na woga wa kumpigia ami simu kumwambia kituo chake kinanuka mauti. Namba ya huruma na namba ya woga zinaandikwa kwa kalamu moja.

Mwezi wa tatu mamlaka ikaita kampuni zote Riyadh. Kulikuwa na kanuni mpya inakuja, na kila kituo kilitakiwa kupangiwa daraja kufuatana na kumbukumbu zake. Kituo ambacho hewa yake imepita kumi hata mara moja katika miezi sita kingefungwa mpaka kiwekewe feni kubwa za kuvuta hewa kutoka chini, na hakuna atakayeshuka bila mtungi. Ambacho hakijapita, kiendelee kama kawaida. Ami Mselem akanichukua. Mwenye namba lazima awepo, alisema, wakiuliza.

Tukaruka alfajiri. Ofisi ilikuwa kaskazini mwa mji, ng'ambo ya majumba ya Malqa. Aliyetusikiliza ni ustadha Ibtisam, mwanamke wa makamo, sauti ya chini, ameleta karatasi zangu zote za miezi sita na kuzipanga mezani kama anayepanga karata. Ami akaeleza kwa Kiarabu chake kizuri jinsi kampuni inavyoheshimu sheria, na kwamba masharti mapya hayafai kwa kituo chenye hewa safi kama chetu. Ustadha alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akanigeukia mimi.

"Hizi ni namba zako?"

"Ndiyo, ustadha."

"Sita, saba, sita, tano, sita. Nimefanya kazi hii miaka kumi na tisa. Shimo la maji machafu halina adabu namna hii, binti yangu. Kipimo unakiweka wapi?"

Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa kwa ajili yangu. Hakuna aliyenishika mdomo. Ami Mselem alikuwa kando yangu, anafuta miwani kwa pembe ya shemagi yake, kile kitambaa cha kichwani. Akilini nilimwona mama yangu na ikama yake. Nilimwona Hezron ameshika kofia.

"Chini kabisa," nikasema. "Nakishusha kwa kamba."

Akagonga muhuri. Nilidhani nitafurahi, lakini sikufurahi.

Mchana ami akanipeleka Dirah, kwenye maduka ya zamani, akanunua udi na kunifungia kipande katika karatasi. "Umenisitiri, mwanangu," akaniambia. "Mungu akusitiri na wewe." Nikapokea kwa mikono miwili, nikasema ahsante, ami, kama nilivyofunzwa.

Wiki iliyofuata ikaja gari kuchukua mitungi yetu minne ya hewa. Kituo safi kina haja gani ya mitungi? Ikapelekwa kituo kingine, cha watu waliokuwa wameandika kweli. Hezron alisaidia kuipakia. Akaniambia afadhali, mzigo ule ulikuwa unamwumiza mgongo. Nikamvuta kando nikamwambia asishuke kamwe kabla feni ya mlangoni haijawaka nusu saa nzima, tena asishuke peke yake. Akaniapia. Na kwa wiki kadhaa alitimiza, nilikuwa namwona kwa macho yangu.

Jumapili ndiyo siku mbaya shimoni. Ijumaa na Jumamosi watu hawapo, tope linatulia, gesi inajikusanya chini yake. Mtu akilikoroga linaachia yote kwa mpigo. Na Jumapili ndiyo siku ambayo Riyadh walitaka ripoti mapema, saa mbili kamili, kabla sijafika kwa sababu ya foleni za barabarani. Kwa hiyo nilizoea kuandika hewa ya Jumapili siku ya Alhamisi, naiwekea tarehe, kompyuta inaituma yenyewe. Nasema tena, ili mtu asidhani amesoma vibaya. Nilikuwa naandika hewa ya siku ambayo haijafika.

Jumapili ile ya mwezi wa tano nilifika saa mbili na robo. Watu walikuwa wamezunguka shimo na hakuna aliyekuwa akifanya kitu. Duncan, Mkenya mwenzake Hezron, mtu wa pampu, alikuwa amekaa chini, viatu vimelowa, analia kwa sauti kama mtoto.

"Pampu ilikwama, msimamizi akasema yalla, yalla," akaniambia. "Feni haikuwaka, stima ilikuwa imekatika upande ule. Hezron akachungulia, akaniambia, 'Duncan, leo hata hainuki. Leo iko poa kabisa.' Akashuka. Nikamwita, kimya. Nilitaka kushuka, wakanishika."

Leo hata hainuki. Mimi ndiye niliyejua maana ya maneno yale, na mimi nilikuwa barabarani.

Watu wa uokoaji walimtoa saa tatu na nusu. Sikumfunika uso, haikuwa haki yangu, lakini nilimtazama. Lazima mtu amtazame.

Hospitali ikaandika moyo umesimama. Kila maiti moyo wake umesimama, ni kama kuandika amekufa kwa sababu ya kufa. Mchunguzi alipokuja akauliza habari za gesi, na msimamizi akamletea ripoti ya asubuhi ile: Jumapili, saa mbili, hewa ya shimo, sita. Sahihi yangu. Imepokelewa Riyadh. Mchunguzi akashukuru akafunga faili. Hewa ilikuwa safi, basi mtu alikuwa mgonjwa wa moyo na hakusema.

Jioni ami akaja Nuzha nyumbani kwetu, jambo ambalo si kawaida yake. Mama akamwekea kahawa. Hakuinywa.

"Karatasi inatosha, mwanangu. Usiongeze neno. Ukiongeza, si mimi tu, ni sote humu ndani. Marehemu harudi."

"Ami, ile sita nilimwandikia yeye, si wewe."

"Basi mwachie iwe yake."

Mkono usioweza kuukata, ubusu, na mimi nilikwisha kuubusu sana. Siku tatu sikula. Siku ya nne nikampigia ustadha Ibtisam. Hakushangaa, na hilo liliniumiza kuliko kama angenitukana. Akasema simu haitoshi, niende tawi lao la Jidda niandike kwa mkono wangu. Nikaenda. Niliandika kurasa tatu: feni, mlango, thelathini na nane, sita, Alhamisi. Karani akanisomea kwa sauti, akaniuliza kama nimeelewa kwamba kesi itaanza na mimi. Nikasema nimeelewa. Kituo kikafungwa siku ya pili yake. Ami hasemi na sisi tena, na ikama ya mama inaisha mwezi wa Safar, Mungu ndiye ajuaye. Sijutii, lakini usiniambie nimefanya ushujaa. Ushujaa ulikuwa mwezi wa tatu, pale mezani.

Mwili ulifika Kenya baada ya wiki tano. Duncan ndiye aliyempa mke wa Hezron namba yangu. Anaitwa Velma. Alinipigia mchana, nikiwa nimekaa jikoni na mama.

"Ni dada Nunu? Alikuwa anakutaja sana." Nyuma yake nilisikia watu wengi, na masufuria. "Nimepewa karatasi hapa inasema moyo. Hezron hakuwa na shida ya moyo. Alipimwa hata kabla ya kusafiri. Niambie tu ukweli."

"Ilikuwa gesi, dada yangu," nikasema. "Kulikuwa na gesi siku zote. Mimi ndiye niliyeandika kwamba hakuna. Nimeshawaambia mamlaka kwa maandishi, watairekebisha karatasi hiyo. Lakini niliandika mimi."

Nikamsikia akisogea mbali na masufuria.

"Najua uliandika," akasema. "Siku hiyo namba ilipanda, alinipigia mimi kwanza, kabla aje kwako. Alikuwa anataka kurudi nyumbani. Alisema ameogopa hilo shimo. Mimi ndiye nilimwambia avumilie miezi saba, aende akuombe."

Mama aliinuka akazima jiko. Upande wa pili mtu alimwita Velma, akamwuliza wanaochimba kaburi wachimbe upande gani wa nyumba. Akamjibu, kisha akarudi kwenye simu.

"Dada, hilo shimo lilikuwa linaenda chini kiasi gani?"

"Mita nane," nikamwambia.

"Mita nane," akasema.