Nisamehe Bwana

Kwa miaka hamsini, kijiji kizima cha Matiri kilimwita Otilia "Nisamehe Bwana". Dukani, kisimani, hata kwenye foleni ya komunyo, jamani! Aliyeanzisha jina hilo alishazikwa zamani, lakini watoto walilirithi kama mashamba ya kahawa.

Chanzo ni sinema. Otilia alikuwa mcheza sinema, tena si wa kubahatisha. Aliigiza filamu nne enzi za picha nyeusi na nyeupe, sura yake ikabandikwa kwenye kuta za majumba ya sinema huko mijini. Katika ile ya mwisho, *Nyumba ya Bati*, alikuwa mke anayefukuzwa na mumewe kwa uongo wa majirani. Karatasi ya mchezo ilimtaka apige magoti aombe radhi. Otilia akagoma. Mbele ya kamera akasimama wima, akasema maneno yake mwenyewe. Mwongozaji akampigia makofi, kumbe ana lake moyoni! Baadaye akamwita studio mwanamke mwingine, akamwekea Otilia sauti isiyo yake: "Nisamehe, bwana." Otilia aliposikia alifunga sanduku lake, akarudi kwao kulima kahawa, na hakuigiza tena.

Gari la sinema likaja hadi Matiri, shuka jeupe likatandazwa ukutani mwa shule, watu wakamsikia binti yao akibembeleza. Mama yake aliinuka kabla picha haijaisha.

"Sura ni yake," alisema, "lakini mwanangu haombi radhi kama hajakosa."

Watu walicheka wakashika mbavu. Yule mama alikufa bila hata mtu mmoja kumwamini, na hilo ndilo lililomuuma Otilia kuliko jina lenyewe.

Sasa parokia ilikuwa na jubilei, na filamu ilikuwa imepatikana na kusafishwa. Mwenyekiti wa kamati, Leopold, alikuja kumwalika. Leopold alikuwa mdogo kwake kwa miaka kumi na miwili, na hakuwahi kumpa shikamoo hata siku moja.

"Habari, Nisamehe Bwana! Jumapili utakaa mbele, utapewa kitenge, utapunga mkono. Basi."

"Na kusema?"

"Useme nini tena? Si ulishasema kwenye picha?"

Otilia aliendelea kugeuza kahawa yake kwenye kichanja. Alikuwa na miaka sabini na miwili na mgongo ulimsumbua, lakini maneno yale alikuwa nayo. Kila msimu, akianika kahawa, aliyarudia.

Jumapili ukumbi ulijaa pomoni, mapazia yakashushwa mchana kweupe. Albina, fundi wa mitambo kutoka Songea, aliwasha picha. Watu wakashangilia kumwona Otilia kijana, shingo ndefu, macho makali. Naye alitazama mikono ile laini ukutani, akatazama yake iliyosuguliwa na jembe, akaona hajutii kitu. Mume alipofungua mlango, vicheko vikaanza. Kila mtu alijua kinachofuata.

Otilia akainuka, akamfuata fundi.

"Mwanangu, zima sauti."

"Kaa chini, mama wee!" Leopold alifoka. "Usituaibishe, mgeni rasmi yupo!"

"Mdomo ule pale ni wangu. Wewe umeuazima lini?"

Albina alimtazama Leopold, kisha Otilia. "Bibi, nimeisafisha hii picha miezi mitatu," alisema polepole. "Midomo haifanani na maneno. Nilidhani mtambo wangu mbovu." Akazima sauti.

Ukutani, binti alisimama wima mbele ya mumewe. Hakuwa amepiga magoti! Miaka yote hiyo walikuwa wakisikia magoti ambayo hawakuyaona. Binti akafungua mdomo, na Otilia akafungua wake.

"Siombi radhi. Nyumba hii mawe yake niliyabeba kwa kichwa, na maji ya udongo wake niliyateka mimi. Kama kuna wa kutoka, toka wewe!"

Neno kwa neno, pumzi kwa pumzi, midomo miwili ilikwenda pamoja mpaka mwisho. Nyuma kabisa mwanamke mmoja alipiga kigelegele, wengine wakadakia. Bibi Notburga, aliyewahi kuketi jirani na mama yake Otilia siku ya lile shuka, alilia waziwazi.

"Mama yako alisema," alirudia. "Alisema, nasi tukamcheka."

Otilia hakumwambia "si kitu", kwa sababu kilikuwa kitu. Alimshika tu mkono. Kitenge alikiacha mezani.

Kesho yake asubuhi Leopold alipita kwenye vichanja, kofia mkononi.

"Shikamoo, mama Otilia."

Otilia aliokota punje mbovu moja, akaitupa. Akaokota ya pili. Leopold hakuondoka, wala hakuvaa kofia. Kichanja kizima kilipokuwa safi, ndipo Otilia akainua uso.

"Marahaba," alisema. "Sasa nenda kaburini kwa mama, ukamwamkie na yeye."