Mbuzi wa Mzazi

Ilikuwa Jumamosi na Martha alikuwa amepika mtori. Alimenya ndizi mshare tangu asubuhi, akazichemsha na mifupa ya ng'ombe, akaziponda kwa mwiko mpaka zikalainika, kisha akamchotea mkwe wake bakuli lililojaa.

Winfrida, mke wa mwanawe Sifael, alikuwa na mimba ya kwanza, na tumbo lilishafika mahali ambapo kuvaa kandambili ilikuwa kazi ya kuomba msaada. Alikula, akafuta bakuli kwa kidole, akashukuru, akasema bado ana njaa. Martha akamwongeza jingine, akamtilia na mfupa wenye uboho. Nalo likaisha, na Winfrida akabaki anatazama sufuria kama mtu aliyelala bila kula.

"Kitendawili," Martha akasema.

"Tega, mama."

"Ninamlisha ninayemwona, anashiba nisiyemwona."

"Mimba," Winfrida akajibu, wakacheka wote wawili.

Jioni jirani yao Mama Ronald akasimama kwenye ua wa masale unaotenganisha vihamba vyao vya migomba. Alikuwa mjane mwenye ng'ombe wawili wa maziwa na mwana chuoni, mtu wa kanisani, hana maneno mengi. Alisema mtori wa leo ulikuwa mzuri.

"Ila chumvi, Mama Sifael. Mimi nina presha, mwenzangu."

Martha akampa pole, akamuuliza amekula kwa nani. Mama Ronald hakuwa amekula kwa mtu. Alikuwa ameketi barazani akichambua maharage, akashiba. Mabakuli mawili, alisema, na la pili lilikuwa na mfupa.

Tangu siku hiyo ikawa hivyo. Winfrida alikula kiburu cha ndizi, maharage na magadi, Mama Ronald akacheua magadi. Winfrida alikunywa uji, Mama Ronald akalegeza kanga. Kilichobaki kwa Winfrida kilikuwa ladha tu mdomoni. Mikono yake ikakonda, mashavu yakaingia ndani, tumbo likabaki peke yake mbele kama mzigo wa mtu mwingine. Huko ng'ambo ya ua Mama Ronald aliacha kuwasha moto jikoni. Magauni yake akayapeleka kwa fundi yapanuliwe, na kuni zake zikarundikana mpaka kuku wakaanza kutagia humo.

Lililomuuma Martha zaidi ni kwamba jirani sasa alijua. Mtu anaweza kulala na chai ya rangi, akafunga mlango wake, na heshima yake ikabaki ndani. Mama Ronald alikuwa akija asubuhi na kusema kwa upole, "Jana hamkujaliwa kitu," na Martha akaangalia chini kama mtoto aliyekojoa kitandani. Basi akaanza kupika kama mtu anayetarajia mgeni. Alitia nazi ya dukani, alitia nyama pale ambapo zamani angetia maharage, na duka likaanza kumwandikia deni.

Kliniki muuguzi alimpima Winfrida mkono, akauliza nyumbani anakula nini. Martha akajibu kwamba anakula vizuri, na ilikuwa kweli. Muuguzi akamtazama vile watu wanavyomtazama mama mkwe mnyimivu. Martha akafunga kilemba upya, ingawa hakikuwa kimelegea.

Waliporudi alikwenda moja kwa moja kwenye ua, akauliza kwa nini chakula cha nyumba yake kinaingia kwenye tumbo lisilo la nyumba yake. Mama Ronald akachuma jani la isale, akalichana taratibu.

"Muulize Sifael yule mbuzi ni wa nani."

Mbuzi alikuwa jikoni, amefungwa pembeni mwa mafiga. Martha mwenyewe ndiye aliyekuwa akimnenepesha kwa maganda ya ndizi na majani laini tangu mimba ilipojulikana. Mwanamke akijifungua, mbuzi wake huchinjwa, damu ikapikwa na maziwa ikawa mlaso, nyama ikawa supu, na mzazi akakaa ndani miezi mitatu akila, asishike jembe wala ndoo. Mbuzi wa namna hiyo hauzwi wala haazimwi. Hata baba mwenye nyumba humpita kwa adabu.

Sifael alikuwa mpagazi wa mlimani. Ilikuwa masika, wageni hawakuwepo, naye alikuwa ameketi kwenye kigoda na simu yake. Alipoulizwa hakubisha. Alimweka mbuzi rehani kwa Mama Ronald, akachukua hela, akalipa mchango wa harusi ya Denis, mtoto wa baba yake mkubwa. Kamati ilikuwa inapandisha majina kwenye kundi la simu kila jioni, wenye ahadi kubwa juu, wengine chini.

"Mbuzi wa mzazi, Sifael?"

"Mama, tungesomwa wa mwisho."

Martha alifungua mdomo amjibu, akakumbuka ukumbi ule wa Moshi mjini. Aliyeshika kipaza sauti alilisoma jina la Sifael mapema, na yeye Martha, ndani ya kitenge cha sare, alipiga vigelegele kuliko wote, kisha akageuka kuona ni nani aliyesikia. Akaufunga mdomo.

Hakuna mtu kijijini kwao Kirua Vunjo aliyehitaji kuelezwa. Aliyeweka rehani mbuzi wa mzazi ameweka rehani chakula cha mzazi, na chakula kinakwenda kwa mwenyewe. Hata mchungaji alipoambiwa alitikisa kichwa tu, akashauri walipe.

Martha akachuma jani la isale upande wake wa ua, akalishika kwa mikono miwili, akalipeleka barazani kwa Mama Ronald. Anayeletewa jani hilo hakatai kusamehe, na Mama Ronald hakukataa. Alisimama, akalipokea naye kwa mikono miwili, akalichomeka juu ya mlango.

"Kosa limekwisha, Mama Sifael. Hela haijaisha. Ada ya Ronald inanisubiri, na mimi sina mlima wa kupanda."

"Nimeelewa."

"Na usidhani nafurahia. Jana nimerudishiwa maziwa yangu mwenyewe." Alikuwa amempa Winfrida chupa ya maziwa kwa huruma, Winfrida akayanywa, yakarudi alikotoka.

Mtoto alizaliwa mvua zikiwa bado zinanyesha, wa kike, mdogo kama kifaranga lakini mzima. Kwa kuwa ndiye binti wa kwanza alipewa jina la bibi yake mzaa baba, Martha. Alinyonya, akalia, akanyonya tena. Matiti ya Winfrida hayakuwa na kitu.

Swali la mbuzi likabaki. Martha akampeleka kwa kamba mpaka kwenye ua, amkabidhi mwenye rehani, yaishe. Mama Ronald akamtazama mbuzi, akamtazama Martha.

"Mchinjeni tu. Nyama itanifikia."

Wakachinja. Winfrida akanywa mlaso, akala supu ya kichwa, akalala na njaa. Kesho yake asubuhi Mama Ronald, mwanamke ambaye mwanawe ana ndevu, aliamka na gauni limelowa kifuani. Alioga, akavaa kanga safi, akapiga hodi, akaketi kwenye kitanda cha mzazi na kunyoosha mikono. Martha mdogo alinyonya mpaka akalala na tone shavuni. Winfrida akageukia ukutani. Martha mkubwa akatoka nje kuangalia kama mvua imekatika, ingawa mabati yalikuwa yanamwambia.

Mama Ronald akawa anakuja asubuhi, mchana na jioni. Mtoto akanenepa, akapata vikunjo mapajani, na wageni waliokuja kumwona wakasifu maziwa ya mama yake. Winfrida akawa anashukuru kwa sauti ndogo.

Mvua zikaisha, wageni wa mlima wakarudi. Sifael alipanda, akashuka na midomo iliyobabuka na ujira wake mfukoni. Martha alikuwa jikoni anaponda mtori. Alimsikia akivua viatu, akasubiri kusikia hatua zake zikielekea kwenye ua wa masale kulipa deni.

Simu ikalia. Sifael akasoma, akasogea mlangoni.

"Mama, ni kipaimara cha mtoto wa Anko Primus. Wameshaanza kupandisha majina."

Chumbani mtoto aliguna. Winfrida alikuwa anamwimbia kwa sauti iliyobaki. Martha alikoroga, akakoroga tena, uso ukamchoma kuliko moto ulivyomchoma magoti. Mlimani kulikuwa kweupe, na ng'ambo ya ua Mama Ronald alikuwa ameshaketi barazani, mikono mapajani, anasubiri chakula cha mchana.

"Tuandike ngapi?" Sifael akauliza.

"Usituweke wa mwisho," Martha akasema, bila kugeuka.

Akachota chumvi kwa vidole, akairudisha nusu koponi kwa ajili ya presha ya mwenzake, akamchotea mkwe wake bakuli lililojaa.