Goti Linalopima Sakafu

Mke wa fundi vigae alikuwa amechoka, na si kwa kazi yake bali kwa goti la mtu mwingine. Goti la kulia la mumewe lilivimba hadi suruali haipandi, na kila aliyekuja kumjulia hali aliacha ugonjwa wake. Mama mkwe alisema ni baridi yabisi. Shemeji, aliyewahi kucheza mpira miezi miwili, aliapa kuwa kano zimekatika. Jirani naye akaleta gegedu, ule mfupa laini wa kiungo, iliyosagika, eti kama ya mjomba wake.

Daktari hakubahatisha. Aliliminya goti, fundi akaruka.

"Ni kifuko cha maji cha mbele ya goti. Kimevimba kwa miaka ishirini ya kupiga magoti sakafuni. Pumzika wiki sita, kisha usipige magoti tena bila pedi. Ukikaidi tutapasua, na kazi hiyo utaisahau."

Pedi! Mke alikuwa fundi cherehani, na alishamshonea jozi tatu za sponji na turubai. Ya kwanza mumewe aliigeuza mto, ya pili akafutia saruji, ya tatu haijulikani iliko.

"Mke wangu, pedi zinaniziba," alirudia wimbo wake. "Kigae kikiinama kidogo tu, goti ndilo linaloniambia."

"Na linapokuambia limechoka, mbona hulisikii?"

Wiki ya pili mke alikwenda kwa dada yake siku mbili. Aliporudi alimkuta mumewe kapiga magoti kwenye korido yao, nusu nzima ameshabandika vigae. Eti anajaribu tu! Hasira zilimpanda mpaka utosini. Kumshauri huyu ni kumpigia mbuzi gitaa.

Akapita juu ya vigae vilivyokwisha kukauka. Cha kwanza kikalia kama kitu kitupu ndani. Cha pili kikacheza. Cha tatu kilikuwa kimeinua kona, nusura ajikwae.

Fundi alikitazama. Akakiwekea goti, akaegemea huku na huku, akatulia.

"Sisikii kitu," alisema. "Maumivu tu."

Katika ndoa yao yote hajawahi kubandika kigae kinachocheza. Mke alitaka kusema "nilikuambia", lakini akaweka mkoba wake chini.

"Pedi nyingine," fundi aliuliza bila kuinua uso, "unazishona siku ngapi?"

"Wiki sita," alimjibu, akimpa mkono. "Na sianzi mpaka uinuke hapo."