Mkono wa Amos Teague

Nadine Hostetler alikuwa na albamu arobaini na moja za picha za bati, zile za kale zilizopigwa juu ya kibati badala ya karatasi, kila moja ndogo ya kutosha kiganjani, na hakuna hata moja iliyokuwa kamili. Hii bibi arusi kang'olewa, ile ukurasa umeliwa na panya. Miaka ishirini alizunguka magulio ya Ohio akitafuta nzima, mpaka mumewe akasema heri angeoa mlevi, maana mlevi angalau unajua yuko baa gani.

Jumamosi hiyo akaipata, akainunua. Sura thelathini na sita, kila moja kama ukucha wa kidole gumba, zote zingali kwenye vijifuko vyake vya karatasi tangu enzi za vita vya Kaskazini na Kusini vya Marekani. Akaketi mezani kwa Burl, muuza vitasa vya milango, akaanza kuwahoji watu wale kama kawaida yake. Huyu ni mke au dada? Huyu kaudhiwa na nani?

"Wakianza kukujibu uniambie," Burl alisema, "nikuitie daktari."

Hapo akafika Loretta Pruitt. Gulioni hakuna asiyemjua. Mjomba wake aliuza albamu ya ukoo siku nyumba ya bibi ilipohamwa, pamoja na mitungi ya achari, na tangu hapo, mwaka wa kumi na moja huu, Loretta anamtafuta babu wa bibi yake, Amos Teague. Sura yake haijui. Anachojua ni kwamba Amos alirudi vitani bila mkono wa kushoto.

"Una askari leo, shoga?"

Nadine akamfungulia ukurasa wa tisa: mwanamume mwenye ndevu, mkono mmoja wa koti mtupu, umebanwa kwa pini.

Loretta aliinama, kisha akashusha pumzi. "Siye. Huyu kakosa wa kulia." Akaenda zake meza ya pili.

Nadine alinyamaza, na la kusema alikuwa nalo. Picha ya bati hutoka kinyume, kama mtu ajionavyo kwenye kioo. Kulia huonekana kushoto. Kila mkusanyaji anajua hilo, ila Loretta si mkusanyaji, ni mjukuu tu. Nadine aliufunga mdomo kwa sababu aliitaka albamu ile ibaki yake. Tusimtafutie visingizio.

Lakini udadisi nao ni ugonjwa. Alichukua kioo cha kukuzia akatazama koti. Vifungo vilikuwa upande wa nguo za kike, si wa koti la kiume. Basi picha imegeuka kweli, na mkono uliokosekana ni wa kushoto. Ila waliopoteza mkono wa kushoto walikuwa wengi mno. Huenda nyuma ya bati pana jina, lakini kuitoa picha kungeichana karatasi ile kavu, na albamu nzima pekee aliyowahi kuishika isingekuwa nzima tena.

Roho ilimsuta, na hamu ya kujua ikamsukuma. Mwenyewe hajui mpaka leo ni ipi iliyoshinda.

"Loretta, rudi. Nimekuficha kitu."

Akamweleza yote. Loretta alisikiliza, uso ukimkauka.

"Picha za bati zote ziko hivyo?"

"Zote. Siku zote nilidhani unajua. Leo nilipoona hujui, nikanyamaza."

"Uliitaka."

"Naitaka mpaka sasa."

Liwalo na liwe. Nadine akapenyeza ukucha. Karatasi ikapasuka, na Burl akafumba macho kabisa. Nyuma ya bati mtu alikuwa amekwaruza kwa msumari: *Amos Teague*.

Loretta alimshika Amos wake kwa vidole viwili akalia, wala hakujificha. Alipotulia akaisukuma albamu kwa Nadine. "Mimi nilimtaka huyu tu. Hao wengine baki nao."

Nadine angeweza kushukuru akaondoka, na alitamani sana. Akairudisha. Iliuma.

"Chukua, Loretta. Hii ndiyo albamu aliyouza mjomba wako. Hawa wote ni watu wako."

Loretta alivuta kiti cha Burl akakaa. Alifunua ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, polepole, mpaka wa mwisho.

"Miaka kumi na moja natafuta mtu mmoja," alisema, "na hawa hakuna aliyewatafuta."