Kanda ya Kwanza

Walikuwa wameanza kufunga madirisha. Mguu wa chuma wa Zuberi ukigonga mawe ya njia ya sokoni, ngo, ngo, mbao za madirisha zinaitikia, pa, pa, mpaka amepita. Na yeye, mdogo wangu niliyembeba mgongoni alipokuwa mchanga, akawa anakanyaga kwa nguvu zaidi.

Mguu wake uliangukiwa na gogo la msonobari hapa hapa Shume, alipomsukuma mwenzake aokoke. Miaka nenda rudi hakuna aliyeuogopa ule wa bomba aliouvaa badala yake. Waliita, "Mgosi, njoo tule viazi," naye akaja.

Kisha ikaja ruksa ya kuuza vitu vya nje. Maduka yakajaa redio na mitumba, na Saidi akapandisha kutoka Tanga televisheni, deki, jenereta na gunia la kanda za video. Akajenga banda la mabanzi la kuonyeshea picha. Picha iliyowapagawisha watu ilikuwa ya jambazi mmoja aliyetoka kwenye vitabu vya katuni vya ng'ambo, mguu chuma, anachoma mji nyumba kwa nyumba huku akicheka.

Ila ilikuwa na kanda mbili, na Saidi alionyesha ya pili tu.

"Ya kwanza haina ngumi, shangazi," aliniambia. "Watu watasinzia."

Mimi niliiona, mchana mmoja alipoijaribu nami nimempelekea chai. Jambazi yule alikuwa fundi saa, mpole. Mashine ikamkata mguu. Akienda kununua mkate, duka linafungwa. Akimwamkia jirani, jirani anavuka barabara. Kiingereza sikukijua, darasa la nne halikunipa hicho, lakini mlango ukifungwa usoni mwa mtu hauhitaji mkalimani.

Siku Zuberi alipofukuzwa sokoni na kapu lake la mapeasi, nilimkuta uani ananoa panga.

"Unakwenda kufyeka wapi?"

"Bandani kwa Saidi."

"Zuberi!"

"Si wanataka jambazi, dada? Nitawapa." Akacheka. Kicheko kile hakikuwa chake, kilikuwa cha kwenye kanda.

Nikajifunga kanga kiunoni, nikamtangulia.

Banda lilikuwa limefurika, Mwenyekiti wa kijiji, Abdallah, kwenye benchi la mbele. Nikasimama mbele ya televisheni.

"We mama, ondoka, hatukulipa kiingilio kukuona wewe!"

"Kitendawili!" nikasema.

Neno hilo huku kwetu haliachwi likae peke yake. "Tega!" likajibu banda zima, hata walionitukana.

"Nimemzaa bila mimba, nimemlea bila ziwa, sasa namkimbia."

"Moshi!"

"Mkwe!" Wakaangua kicheko.

"Mmeshindwa. Nipeni mji."

"Chukua Tanga," Mwenyekiti akasema.

"Tanga joto."

"Korogwe."

"Korogwe mbu. Nautaka huu."

"Haya, chukua Shume yako, utuache tuone picha!"

"Nimechukua. Na kwenye mji wangu, Saidi, kanda ya kwanza ndiyo inayoanza. Jibu mtaliona humo."

Saidi akamtazama Mwenyekiti. Mwenyekiti akatazama watu. Lakini mji ukishatolewa umetolewa. Hata mtoto wa kuchunga mbuzi anajua.

Mwanzo walinung'unika. Kufika kwenye duka la mkate, manung'uniko yakakatika. Na madirisha ya mtaa ule wa Wazungu yalipoanza kufungwa, moja, moja, mtu nyuma yangu akasema, "Ah," polepole, kama aliyekanyaga mwiba.

Mlango ukafunguka. Zuberi, panga mkononi, na mwanga wa jua nyuma yake. Sijui alikuwa amekuja kusema nini. Macho yake yalikwama kwenye picha.

Bibi Mwanamisi, ambaye dirisha lake ndilo lililotangulia kufungwa, hakugeuka. Alijisogeza tu kwenye benchi, akabakisha nafasi.

"Ingia au toka, mwanangu. Mwanga unaharibu picha."

Akaingia.

Asubuhi Mwenyekiti akapita kwangu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akakohoa.

"Sasa, Da Salama, ule mji wetu uturudishie."

"Nenda kwanza sokoni, ukamwonyeshe Zuberi pa kuweka kapu lake."

"Halafu?"

"Halafu nitafikiri."